Ndege wa Tanga Mbili

Usiku huu twataka kuwachukua pamoja nasi katika matembezi ya siku moja, tangu alfajiri hata magharibi, katika pwani ya Tanga. Hatukwenda kuvua, wala hatukwenda kuwinda. Tulikwenda kutazama ndege. Twajua wako miongoni mwenu watakaocheka na kusema: Mtu mzima aondoke kitandani na usiku bado, ajitie matopeni, kisha arudi mikono mitupu? Ndivyo tulivyofanya, na mikono ilikuwa mitupu kweli. Lakini tulirudi na jambo la kuwaambia, tena jambo lenyewe tulifundishwa kwa kuaibishwa, kama mtakavyosikia.

Tulichagua siku za mwisho wa mwezi wa Machi. Wazee wa pwani huyaita majira hayo malelezi, au tanga mbili, maana kaskazi imekwisha kulegea na kusi haijashika, na chombo chaweza kutweka tanga kwenda huku au kwenda huku. Kwa karne nyingi majahazi ya Maskati na ya Ghuba yalikuja kwetu kwa kaskazi, yakashusha tende na samaki wa chumvi, yakapakia boriti za mikoko, yakangoja. Na kusi ilipoanza yakarudi kwao. Nyumba nyingi za kale katika miji ya Ghuba zilijengwa kwa boriti hizo, hata upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti ya mkoko. Safari zile za tanga zilififia katika karne ya 20, vyombo vya mitambo vilipochukua kazi. Lakini wako wasafiri wengine wasioacha desturi ile. Hao hufika kwetu tangu Agosti hata Oktoba, hukaa nasi wakati wa kiangazi, na ifikapo Machi na Aprili huondoka kwenda kaskazini: wengine Arabuni, wengine nchi za Urusi na Ulaya, wengine hata ukingo wa bahari ya barafu, ambako theluji ndiyo kwanza yataka kuyeyuka. Sisi tukisema masika, kwao ni mwisho wa baridi kuu. Wao pia hupakia shehena kabla ya kuondoka, na shehena yao ni mafuta ya mwilini mwao. Bandari wanayopakilia ni lile tope jeusi la ufukoni ambalo sisi hulipita tumeziba pua.

Basi tuliondoka mjini giza lingalipo, tukashika njia ya kaskazini mpaka kwenye mashamba ya chumvi. Siku ile ilikuwa bamvua, mwezi mpevu siku mbili zilizopita, na katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa kiasi cha saa kumi na nusu ya alfajiri, yakapwa kabisa kabla ya saa tano ya mchana, kisha yakarudi kujaa jioni. Anayetaka kutazama ndege wa pwani na asianze na ndege, aanze na maji. Maji yakijaa, tope lote limefunikwa, na ndege hawana pa kula. Hukusanyika pamoja mahali pakavu, wakasimama kwa mguu mmoja, wakalala. Na pahali pazuri pa kulala ni yale matuta yanayogawa viwanja vya chumvi.

Kulipopambazuka tuliona tuta moja refu limefunikwa na kitu kama mawe. Tukainua darubini. Yale mawe yalikuwa ndege, mamia kwa mamia, wote wameelekeza vifua kwenye upepo. Walikuwako sululu, wenye mdomo mrefu uliopinda kama mundu. Walikuwako vitwitwi wa aina nyingi, na hao ndio waliotutia hamu zaidi, kwa sababu walikuwa wakibadili mavazi. Mwezi wa Desemba mtu akiwatazama huwaona wote ni rangi moja ya majivu, na hata aliyezoea huchanganyikiwa. Mwisho wa Machi kila mmoja huanza kuvaa nguo ya kwao. Vitwitwi wale wenye mdomo uliopinda kidogo kama shazia, wanaozaa kaskazini ya Siberia, walikuwa wamepata mabaka mekundu kifuani kama udongo wa tofali. Ndege wengine wakubwa zaidi, wa kijivu, walikuwa wameanza kupata weusi tangu shingoni hata tumboni, kama mtu aliyevaa kanzu nyeupe akamwagiwa wino. Na kitwitwi mmoja alikuwa na mdomo uliopinda kwenda juu, ambaye Wazungu wamemwita kwa jina la mto Terek wa Kaukasi, ingawa nyumbani kwake ni kutoka Finland hata mashariki ya Siberia.

Hapo ndipo tulipokosa adabu. Kila mmoja wetu alitaka kuona vizuri zaidi. Tukasogea hatua kumi, tukasimama, tukasogea tena. Ghafula tuta zima likaruka. Lo! Lilikuwa jambo la kupendeza: kundi likageuka mara nyeupe, mara jeusi, kama kitambaa kinachokung'utwa, likazunguka, likatua tuta la pili. Nasi tukalifuata huko. Likaruka tena. Tukalifuata mara ya tatu, na mmoja wetu akacheka kwa furaha.

Kwenye kiwanja cha jirani alikuwako mzee mmoja na reki yake ya mbao, akikusanya chumvi ya mwisho kabla mvua haijaiyeyusha. Alikuwa akitutazama kwa muda. Tulipomfikia tukamwamkia:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mwatafuta nini humu?”

“Twatazama ndege, mzee.”

“Mwawatazama? Mimi naona mwawafukuza. Tangu mfike wameruka mara tatu. Mimi napita na reki yangu hapo karibu nao kila siku, wala hawainui kichwa, maana sina habari nao. Ninyi mwawaendea kama mtu anayemwendea mdeni wake.”

Tukanyamaza. Akaendelea kuvuta chumvi, kisha akasema tena, bila ya kutugeukia: “Hawa siku hizi wala kwa ajili ya safari. Tazama walivyonona. Kila mkiwarusha mwawapunguza.”

Wasikilizaji, sisi tulikuwa tumesoma vitabu kadha wa kadha juu ya ndege hawa, na neno hilo lilikuwamo vitabuni, lakini lilikuwa halijatuingia. Kitwitwi yule wa mdomo wa shazia, siku za kawaida uzito wake ni gramu 50 au 60 tu. Kabla ya safari hula mchana na usiku, kwa kufuata maji, mpaka apite gramu 80, na yote yaliyozidi ni mafuta. Mafuta hayo ndiyo makaa ya meli yake. Ndege wa jamii hii hawawezi kuelea baharini wakapumzika kama shakwe. Akishaondoka hana budi kufika. Mwaka 2022 ndege mmoja wa ukoo wa sululu, kinda wa miezi mitano tu, alifungwa chombo kidogo mgongoni huko Alaska, akaruka mpaka Tasmania, kusini ya Australia, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila ya kutua. Ndege akipungukiwa na makaa katikati ya safari ya namna hiyo, hapana bandari ya kukopa. Basi sisi, kwa mapenzi yetu na darubini zetu, tulikuwa tumewachomea makaa yao mara tatu kabla ya saa moja ya asubuhi, tena tukacheka.

Tukamwomba mzee radhi, jambo ambalo lilimshangaza kidogo, maana ndege si wake. Akatuonyesha mahali pa kukaa, chini ya mchu mmoja uliosalia pembeni ya tuta. “Jioni rudini,” akasema, “mkae hapo kabla maji hayajapanda. Msiwafuate. Watakuja wenyewe.”

Kabla ya kuondoka hapo yafaa tuseme neno juu ya viwanja vyenyewe, kwani habari yake ina pande mbili. Chumvi hutengenezwa hivi: wakati wa bamvua hufunguliwa mlango, maji ya bahari yakaingia katika kiwanja cha kwanza; jua likayapunguza, yakapelekwa cha pili, na cha tatu, kila kimoja kikizidi ukali wa chumvi, mpaka chumvi yenyewe ikaganda kama theluji. Katika viwanja vya katikati huzaliana kamba wadogo mno na mabuu ya nzi wa maji ya chumvi, na ndege huvijia, hata heroe huonekana mara kwa mara. Lakini mashamba ya chumvi ya pwani mara nyingi hupata nafasi kwa kukatwa mikoko. Mwenye kuyapenda kwa ajili ya ndege na akumbuke ni miti gani iliyosimama hapo kwanza, na ni samaki na kaa wangapi waliolelewa katika mizizi yake. Sisi hatukuweza kuyachukia wala kuyasifu sana. Wataalamu wa ndege wa dunia wameitia pwani hii ya kaskazini ya Tanga, pamoja na mashamba ya chumvi ya Kibo, katika orodha ya mahali muhimu kwa ndege. Na mzee yule apata riziki yake hapo hapo. Ndivyo mambo yalivyo.

Saa mbili ya asubuhi maji yalikuwa yamekwisha kurudi nyuma, na tope likaanza kung'aa. Matuta yakawa matupu. Ndege wote wameshuka kazini. Nasi tukavua viatu, tukapita kwa njia ya wachimba chambo kati ya mikandaa, mikoko na michu, tukatokea kwenye uwanda wa tope usio na mwisho. Safari hii tulikaa. Tulipata gogo la mlilana lililoletwa na maji, tukaketi juu yake kama watu wanaongoja motokaa, na kwa muda wa saa mbili na zaidi hatukuondoka.

Kaa wadogo walikuwa wa kwanza kutusahau. Walitoka mashimoni mwao mmoja mmoja, wale wenye gando moja kubwa la rangi, wakaanza kupunga kama watu waitanao ng'ambo ya mto. Na kaa walipotoka, wakaja walaji wao.

Yuko ndege mmoja ambaye kwa ajili yake peke yake tungaliweza kuondoka kitandani. Ni mweupe kama karatasi, mgongo na mbawa zina weusi, miguu mirefu ya kijivu cha samawati, na mdomo mweusi mnene, mzito mno kwa kichwa chake, kama mtu mwembamba aliyechukua shoka. Tumemwita mla-kaa, na jina hili ni la kumweleza tu, kwani ndiyo kazi yake. Hutembea polepole, akasimama, akatega; kisha mbio hatua tano sita, na mdomo ukashuka kama nyundo. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hupigwa na kutikiswa mpaka miguu ikamtoka.

Mla-kaa ana habari isiyo na mfano katika ndege wote wa ufukoni. Hao wengine hutaga mayai yao juu ya ardhi, katika kishimo kidogo. Huyu huchimba pango mchangani, refu kupita urefu wa mkono wa mtu, na ndani yake huweka yai moja tu, jeupe, kubwa. Joto la mchanga wenyewe humsaidia kuatamia, hata wazazi huweza kuliacha yai kwa muda wakaenda kula. Mapango hayo hayapo kwetu hata moja. Yako katika visiwa na fuko za Bahari ya Shamu na Ghuba na nchi zilizo karibu: Eritrea katika visiwa vya Dahlak, Kuwait katika kisiwa cha Bubiyan, Oman, Irani, Somalia. Yaani yeye ni mwenyeji wa kule kule yalikotoka yale majahazi, tena huja kwetu na kurudi kwao kama yalivyofanya. Wote waliomo duniani hukisiwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000, na wengi wao hupitisha miezi ya baridi ya kwao katika pwani za Afrika ya Mashariki na visiwa vyake, na hata Bukini. Ukiwaona mia juu ya tope la Tanga, umeona sehemu ya ukoo mzima.

Siku ile tuliwahesabu 43. Katikati yao tuliona jambo lililotufanya tusahau mbu. Ndege mmoja, rangi zake za kijivu badala ya weusi, alikuwa akimfuata mwingine hatua kwa hatua, ameinamisha kichwa, akilia kilio chembamba kisichokoma. Alikuwa kinda. Kinda wa wengi katika ndege wengine wa ufukoni hujitafutia chakula tangu siku alipotoka yaini, na wengi huja Afrika peke yao, bila ya baba wala mama kuwaonyesha njia. Kinda wa mla-kaa husafiri pamoja na wazazi wake, na huku ugenini miezi mingi baada ya kuzaliwa bado huomba chakula, nao humpa. Tulimtazama mzazi yule akimkamata kaa, akamvunja miguu, akageuka, kinda akafungua kinywa, akapewa. Mara ya pili mzazi akala mwenyewe, akampa kisogo. Mara ya tatu vilevile. Kinda akalia sana, kisha akakimbia akampiga kaa kwa mdomo wake, akamkosa, akasimama akilitazama shimo kama mtu aliyedondosha sarafu kisimani. Mmoja wetu, ambaye ana mtoto aliye shule ya mbali, alisema kwa sauti ndogo, “Mpe tu mara hii.” Hakumpa.

Saa tano maji yalikuwa yamekwenda mbali, na ndege pamoja nayo, hata wakawa vitone tu kwenye mvuke wa jua. Tukaondoka kwenda misituni.

Upande wa Amboni, penye mapango ya mawe ya chokaa na mto Mkulumuzi, ipo miti ya kutosha kumpa mtu kivuli na ndege makao. Hondohondo walipita juu kwa kishindo cha mbawa zao, na dudumizi alikuwa akimimina wimbo wake wa maji ya chupa. Hao ni wenyeji. Sisi tulikuwa tukitafuta wageni, na mgeni wa msituni ni vigumu kumpata kuliko wa pwani, maana hasimami makundi makundi, tena wengi wao hawaimbi wakiwa kwetu. Mwisho tulimsikia mmoja. Ni kindege kidogo mno, rangi ya jani linaloanza kukauka, uzito wake haufiki gramu 10. Na wimbo wake huanza juu ukashuka, kama maji yanayotiririka kwenye ngazi. Katika siku hizi za mwisho hujaribu wimbo atakaouimba kwao. Baadhi ya ndege wa aina hii waliokuwa wakizaa mashariki ya mbali ya Siberia walifungwa vyombo vya kupimia mwanga wa jua, na habari iliyochapishwa mwaka 2018 ilionyesha kwamba walikuja mpaka Afrika ya Mashariki na ya kusini, mwendo wa kiasi cha kilomita 12,000 hadi 13,000 kwenda peke yake. Uzito wa barua moja, na anwani yake Siberia!

Kutoka hapo, asubuhi isiyo na mawingu, huonekana milima ya Usambara ya Mashariki. Huko juu, Amani, ambako Wajerumani walianzisha chuo cha uchunguzi wa kilimo na viumbe mwaka 1902, alifika mwaka 1928 Mwingereza mmoja, Reginald Moreau. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa ya ofisini na ya vitabu. Ndege walikuwa shauku yake. Alikaa hapo miaka mingi akiwatazama ndege wa milima ile pamoja na wasaidizi wake Waafrika, ambao macho yao yalikuwa makali kuliko darubini, na kindege kimoja cha Amani chenye mdomo mrefu hubeba jina lake mpaka leo. Baadaye aliandika kitabu kikubwa juu ya ndege wanaosafiri kati ya Ulaya, Asia na Afrika, kilichotoka mwaka 1972, miaka miwili baada ya kufa kwake. Alikisia kwamba ndege wa nchi kavu wanaoingia Afrika kila mwaka ni kama milioni elfu tano. Hesabu mpya ya mwaka 2009 ilishusha kiasi hicho mpaka milioni 2,100. Hatusemi kwamba tofauti yote ni ndege waliopotea, kwa kuwa njia za kuhesabu si zile zile. Lakini habari za kupungua kwao zipo, na mwaka 2024 yule kitwitwi wetu wa mdomo wa shazia alitiwa katika daraja la viumbe walio hatarini.

Saa nane mvua ikanyesha, mvua fupi yenye matone makubwa, tukajificha chini ya mwembe wa watu. Ilipokatika, ardhi ikaanza kutoa kumbikumbi. Watoto wa nyumba ile wakatoka na masufuria, nasi tukainua macho, tukaona kwamba si watoto peke yao waliopata habari. Juu ya shamba la mkonge, mmea ambao Mjerumani Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, kila mlingoti wa ua ulikuwa na ndege juu yake. Walikuwa kambu wa Ulaya, wenye kichwa na kifua cha samawati na mgongo wa rangi ya mdalasini. Na kila mmoja alipojirusha kumfuata kumbikumbi, mbawa zake zikafunguka zikawa buluu kali. Tulihesabu mpaka 70, tukakoma, kwa sababu waliokuwa wakija kutoka kusini walikuwa wengi kuliko tuliokwisha kuwahesabu. Walikula, wakaondoka mmoja mmoja kuelekea kaskazini, na wengine wakachukua milingoti yao.

Msafara huu wa kambu katika mashariki ya Tanzania ulielezwa na mtaalamu mmoja katika jarida la ndege la Uingereza mwaka 1983. Hukusanyika kutoka nchi za kusini ya Afrika, wakapita kwetu kwa wingi katika majuma machache mwanzo wa masika, upepo ukiwasukuma nyuma na mvua ikiwaandalia kumbikumbi mbele. Kisha huenda Somalia, wakavuka kwenda Arabuni, hata nchi za Asia ya kati na Ulaya ya mashariki. Watu wengi wa Tanga hawajapata kuwaona, kwani baada ya mvua mtu hutazama chini, asije akateleza.

Saa kumi kasoro tulikuwa tumekwisha kukaa chini ya ule mchu, kama tulivyoagizwa. Mzee alikuwa angaliko. Alikuwa ameokoa chumvi yake karibu yote, ameifunika kwa makuti, na kidogo tu ndiyo iliyoyeyuka. Hakusema nasi, alitupungia mkono tu.

Maji yakaanza kupanda katika mfereji. Mara ya kwanza hatukuona kitu, na mmoja wetu akataka kusimama, tukamvuta shati. Kisha wakaja vitwitwi kumi, wakatua mwisho wa tuta. Kisha hamsini. Kisha tukaacha kuhesabu, kwa maana walikuja kutoka pande zote, wakitua wakisukumana kama watu kwenye gati siku ya meli, na tuta likajaa kuanzia kule mbali mpaka likatufikia sisi. Wa mwisho walisimama hatua nane kutoka miguuni petu. Tuliona kope zao nyeupe. Tuliona jinsi ngozi ya vifua vyao ilivyofutuka kwa mafuta. Darubini zikawa hazina kazi. Wala-kaa wakaja pia, wakasimama wameshikana mabega, na yule kinda akiwa katikati, amenyamaza, ameficha mdomo wake mgongoni.

Jua lilipokuwa karibu na kuchwa, sululu walianza kuhangaika. Walikuwa wamesimama kundi moja upande wa bahari. Mmoja akalia, filimbi ile yao ya kurudiarudia, wengine wakamjibu, wakanyosha mbawa, wakazikunja. Halafu kundi likainuka, bila ya kurushwa na mtu. Hawakuzunguka kama wale wa asubuhi. Walipanda moja kwa moja, juu, juu tena, wakilia, mpaka wakajipanga mstari uliovunjika katikati kama kiwiko, wakaelekea kaskazini ya mashariki juu ya bahari. Tulisikia sauti zao baada ya macho kushindwa.

Mzee alikuwa amesimama na reki begani.

“Mmewahesabu?” akauliza.

“Thelathini na mmoja, mzee.”

“Mimi nimepata thelathini na wawili,” akasema. “Jana walikwenda kumi na tisa.” Kisha akainama kuongeza makuti juu ya chumvi, kwa maana mawingu yalikuwa yakitoka tena upande wa milimani.